Bismarck hakuwahi kufika Bismarck

Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, hakuwahi kukanyaga Marekani. Hata huku kwetu hakufika, ingawa ni serikali yake iliyoipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi mwezi Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanamjua kwa sababu hiyo. Wanakariri mistari minne mitano kwa ajili ya mtihani, kisha tunageuza ukurasa.

Muhula huu kijana mmoja wa dawati la nyuma alikuja na atlasi ya shule mkononi. Alikuwa kwenye ramani ya Amerika ya Kaskazini, akaona huko juu, si mbali na mpaka wa Kanada, nukta yenye jina la Bismarck. "Madamu, huyu ndiye yule yule?" Ndiye yule yule, nikamwambia, na kengele ikalia. Lakini mimi nimezaliwa kota za reli hapa Dodoma, na baba yangu alifanya kazi ya gengi kwenye Reli ya Kati mpaka anastaafu. Nikisikia mji fulani ulizaliwa na reli, siwezi kulala bila kujua nani aliijenga, kwa pesa ya nani, na kwa nini ilipita pale na si kwingine. Nimesoma habari za Bismarck kwa wiki kadhaa sasa, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Mji huu umeniingia moyoni kuliko nilivyotarajia, na nataka kueleza kwa nini.

Bismarck ni mji mkuu wa jimbo la Dakota Kaskazini. Sensa yao ya mwaka 2020 ilihesabu watu 73,622, ambao hawafiki hata sehemu ya kumi ya watu wa Jiji la Dodoma kwa sensa yetu ya 2022. Uko ukingo wa mashariki wa mto Missouri, na ng'ambo ya pili, magharibi, kuna mji mwingine mdogo unaoitwa Mandan. Nchi yenyewe ni nyika: majani, ngano, ng'ombe, upepo. Mvua kwa mwaka ni milimita mia nne na kitu. Sisi Dodoma tunapata mia tano na kitu, kwa hiyo mkulima wa kule na mkulima wa Bahi wanaangalia mawingu kwa hofu ile ile. Tofauti kubwa ni baridi. Mwaka 1936 kijiji cha Parshall, katika jimbo hilo hilo, kilifika nyuzi 51 chini ya sifuri mwezi Februari. Mwezi Julai mwaka ule ule Steele, mji ulio mashariki ya Bismarck, ukafika nyuzi 49 za joto. Jimbo moja, mwaka mmoja. Nimewasomea wanafunzi takwimu hizo darasani na hakuna aliyepiga kelele.

Mto Missouri una urefu wa zaidi ya kilomita 3,700, na mkondo wake pale una historia ambayo natamani ingekuwa kwenye kitabu cha kiada. Zamani sana mito ya upande ule ilielekea kaskazini, kwenye ghuba ya Hudson. Ikaja barafu kuu kutoka kaskazini, ikaziba njia. Maji yakakosa pa kwenda, yakaanza kukimbia kando ya ukingo wa barafu kuelekea kusini. Barafu ilipoyeyuka, mto ukabaki kwenye njia yake mpya. Upande wa mashariki ukakuta ardhi imelainishwa na kujaa vidimbwi, na ukienda magharibi unakuta ardhi iliyokatwakatwa na makorongo. Bismarck imekaa kwenye mshono huo. Kisha kutoka magharibi unakuja mto mdogo, Heart, unaoingia Missouri karibu na mji wa Mandan. Ushike huo mto Heart akilini, maana ndio unaoeleza karibu kila kitu kilichofuata.

Watu wa kwanza kuelewa thamani ya mahali pale hawakuwa wahandisi. Walikuwa Wamandan. Kwa karne kadhaa vijiji vyao vilizunguka pale Heart inapokutana na Missouri. Kimoja, ambacho leo kinaitwa Double Ditch, kiko kaskazini kidogo ya Bismarck, na mitaro ya ulinzi waliyoichimba bado inaonekana ardhini. Kingine, On-a-Slant, kiko upande wa magharibi, kwenye mteremko unaotazama mto. Walilima mahindi, maharage, maboga na alizeti kwenye udongo mweusi wa bonde, na waliolima ni wanawake, kwa majembe ya mfupa wa bega la nyati.

Nilisimama kidogo kwenye neno alizeti. Ukipita barabara ya Singida mwezi wa nne unaona mashamba ya njano pande zote mbili, unadhani mmea huu umekuwa wetu tangu enzi. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Wanawake wa Kimandan walikuwa wakikamua na kusaga mbegu zake karne nyingi kabla haujafika Iramba, na mpaka leo Dakota Kaskazini ni kati ya majimbo yanayoongoza kwa alizeti nchini Marekani. Mahindi na maboga nayo yalitoka bara lile.

Na nyumba zao! Hapa lazima nikae. Walisimamisha nguzo nne nene katikati, wakalaza boriti juu yake, wakazungushia nguzo fupi za nje, wakapanga fito za miti kutoka nje kwenda kileleni, wakaweka matandiko ya nyasi, halafu udongo mzito juu ya vyote. Nyumba ilikuwa ya duara, kubwa kiasi cha ukoo mzima kulala ndani, na farasi bora wakati mwingine waliingizwa humo humo wasiibiwe. Paa lilibeba watu. Mchoraji George Catlin, aliyefika kwa Wamandan mwaka 1832, aliwachora wakiwa wamekaa juu ya mapaa yao, wanaongea, wanatazama kinachoendelea uwanjani. Nyumba ilikuwa mali ya wanawake.

Bibi yangu mzaa mama aliishi kwenye tembe kule Mvumi. Nguzo za panda, boriti, fito, nyasi, udongo. Lilikuwa la mstari mnyoofu, si la duara, na katikati palikuwa na ua wa ng'ombe, lakini ukilitazama kwa ndani ungeona akili ile ile: nchi haina mbao za kupasua, ina upepo na ina jua kali, basi chukua udongo ujikinge nao. Juu ya tembe alianika vipande vya maboga na majani ya msusa, na sisi wajukuu tulikatazwa kukimbia huko juu lakini tulikaa. Naona michoro ya Catlin na namuona bibi na majirani zake. Watu wa nyika mbili zisizojuana wamefikia nyumba moja.

Vijiji vya Wamandan vilikuwa soko. Watu wa nyika waliokuwa wakiwinda nyati walileta ngozi na nyama kavu, Wamandan wakatoa mahindi, na baadaye farasi wakatoka kusini, bunduki zikatoka kaskazini, vyote vikakutana pale mtoni. Ukitaka kuelewa, fikiria Ugogo ya miaka ya 1850 na 1860. Misafara ya Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikuwa haina budi kupita hapa, kwa watawala waliodai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa sababu visima vilikuwa vyao. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa uchungu kuhusu hongo ya Wagogo. Mimi naisoma kama ushahidi kwamba watu wa hapa walijua hasa maji yao yana thamani gani.

Ndui ndiyo iliyowamaliza Wamandan. Mwaka 1781 ilipita vijijini mwao, na waliobaki wakavihama vile vya Heart wakasogea kaskazini kando ya Missouri. Ndiko walikokutwa na Lewis na Clark, waliotumwa na rais Thomas Jefferson, ambao walikaa kipupwe cha 1804 hadi 1805 jirani nao na kula mahindi yao. Mwaka 1837 meli ya mvuke ikapanda mto ikiwa na wagonjwa wa ndui, na baada ya miezi michache Wamandan waliobaki hai walikuwa mia moja na ushei. Kabila zima. Wazao wao leo wanaishi pamoja na Wahidatsa na Waarikara kwenye hifadhi ya Fort Berthold, juu zaidi ya mto.

Kwa hiyo reli ilipofika, ilifika mahali palipokuwa na watu kabla yake. Nasema hivi kwa sababu vitabu vingi vinaanza historia ya mji huu mwaka 1872, kana kwamba palikuwa pori tupu.

Mwaka 1864 Bunge la Marekani lilikuwa limeiruhusu kampuni ya Northern Pacific kujenga reli kutoka Maziwa Makuu mpaka pwani ya Pasifiki, na badala ya pesa taslimu serikali ikaipa ardhi, mamilioni ya ekari kando ya njia. Wahandisi wakatafuta mahali pa kuvukia Missouri. Bonde la mto Heart lilikuwa njia nzuri ya kupandia kuelekea magharibi, basi kivuko kikawa mkabala wake. Walanguzi wa viwanja walishafika kabla ya reli yenyewe, kila mmoja amekalia kipande anabahatisha treni itasimama wapi. Aliyekuwepo Ihumwa na Mtumba wakati madalali wanakimbizana na ramani za mji wa serikali hahitaji maelezo zaidi.

Mji mpya uliitwa Edwinton, kwa heshima ya Edwin Ferry Johnson, mhandisi wa Northern Pacific. Treni ya kwanza ilifika Juni 1873. Kabla mwaka haujaisha jina lilikuwa limebadilishwa kuwa Bismarck, na sababu ilikuwa pesa. Ujerumani ilikuwa imeungana mwaka 1871, imeishinda Ufaransa, na kansela wake alikuwa anajulikana dunia nzima. Kampuni ilitaka matajiri wa Kijerumani wanunue hati zake za mkopo, na wahamiaji wa Kijerumani wanunue ardhi yake. Wakaupa mji jina la mkubwa wao. Mji wa mbao na mahema, kwenye nyika ya Dakota, ukawa tangazo la biashara.

Pesa haikuja kwa wakati. Tarehe 18 Septemba 1873 benki ya Jay Cooke, iliyokuwa ikiisimamia reli hiyo kifedha, ilifunga milango, na Marekani yote ikaingia kwenye mtikisiko wa uchumi. Reli ikakwama Bismarck. Kwa miaka kadhaa ule ndio ulikuwa mwisho wa njia: upande wa mashariki kuna treni, upande wa magharibi kuna mto usio na daraja na nchi ya Walakota, kabila la wenyeji wa nyika ile.

Kukwama huko ndiko kulikoujenga mji. Mizigo ilishuka kwenye mabehewa ikapandishwa meli za mvuke kwenda Montana. Mwaka 1874 Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, na wanajeshi wake walitoka ngome ya Fort Abraham Lincoln, ng'ambo ya mto, wakaenda kupeleleza milima ya Black Hills, ambayo mkataba wa 1868 uliiacha mikononi mwa Walakota. Wakarudi na habari za dhahabu. Wachimbaji wakamiminika, wengi wakipitia Bismarck. Mei 1876 Custer alitoka tena ngomeni, na safari hiyo hakurudi; yeye na askari wa kikosi alichokuwa nacho waliuawa vitani na Walakota na washirika wao, pale Little Bighorn. Mwandishi wa gazeti la Bismarck Tribune, Mark Kellogg, aliyekuwa amefuatana nao, alikufa huko pia. Meli ya Far West, chini ya nahodha Grant Marsh, iliwabeba majeruhi wa vikosi vingine maili zipatazo 710 kwa saa 54, na kutoka ofisi ya telegrafu ya mji huu mdogo habari ikasambaa Marekani nzima.

Reli ilianza tena kujengwa magharibi ya mto mwaka 1879. Bado hapakuwa na daraja. Kiangazi mabehewa yalivushwa kwa vivuko. Kipupwe mto ulipoganda, walitandika reli juu ya barafu yenyewe, treni ikapita.

Jambo hili sikuweza kukaa nalo peke yangu. Nilikwenda Kizota kwa baba. Nilimkuta barazani anabangua karanga kwenye ungo, redio pembeni imefunguliwa kwa sauti ndogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Karibu, vuta kigoda."

Nikamweleza. Akaacha karanga. Baba ana zaidi ya miaka sabini, lakini ukitaja tuta, kokoto au taruma macho yake yanabadilika.

"Mto wenyewe upana wake?"

"Daraja walilokuja kujenga baadaye lina vipande vitatu vikuu, kila kimoja kama mita mia na ishirini."

Akahesabu kimya. "Basi mataruma yawe marefu kuliko ya kawaida. Uzito usikae chini ya reli tu, utawanywe. Na kingo zote mbili ndiko kwenye hatari, maana pale barafu inashikana na nchi kavu, maji yakipanda au kushuka inapasuka. Katikati si tatizo sana." Akaokota karanga moja akaizungusha kwenye vidole. "Treni ipite polepole, lakini isisimame. Dereva akisimama pale katikati, mimi nashuka."

"Ungekubali kuitandika?"

"Ningeitandika," akasema. "Kuivuka ni mtu mwingine."

Miaka ya kazi yake, mvua zikizidi, gengi lao lilipelekwa Gulwe na Godegode, ambako mto ukijaa hubeba tuta zima na kuacha reli inaning'inia hewani na mataruma yake. Anajua maji yanavyofanya. Alitaka kujua nguzo za daraja lao zilijengwaje zisibebwe na barafu inapovunjika mwezi wa nne. Nikamwambia ni za mawe ya granite, na mhandisi alikuwa George Morison, na daraja lilifunguliwa mwaka 1882. Akaitikia kwa kichwa kwa neno granite. "Kama majabali yetu haya," akasema, akionyesha kwa kidevu upande wa mlima.

Sasa turudi kwenye pesa ya Kijerumani, maana hapa ndipo nilipopata kile kilichonifanya niandike.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Northern Pacific ilichukuliwa na Henry Villard, Mjerumani mzaliwa wa Speyer aliyehamia Marekani akiwa kijana. Yeye alijua milango ya kugonga kule kwao. Mwaka 1883 Deutsche Bank ilishiriki kuwauzia Wajerumani hati za mkopo za reli hiyo. Septemba mwaka huo reli ikakamilika, Maziwa Makuu mpaka Pasifiki. Kwa hiyo chambo kilichotupwa mwaka 1873 kilinasa samaki baada ya miaka kumi.

Na Deutsche Bank hiyo hiyo, mwaka 1904, iliongoza mabenki yaliyoanzisha kampuni ya reli ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyojenga njia kutoka Dar es Salaam. Reli ikafika Morogoro 1907, ikapita Dodoma miaka michache baadaye, Tabora 1912, Kigoma 1914. Njia iliyomlisha baba, iliyonisomesha mimi. Nilipoiona benki hiyo kwenye habari za Bismarck nilisoma mara mbili. Reli ya mji wa Wamandan na reli ya mji wa Wagogo zote zilipata pesa kwa watu waliokaa meza moja Berlin, wakihesabu riba, bila kuijua nyika ya kule wala ya huku. Na kama ilivyokuwa kwao, reli yetu nayo kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya misafara, na misafara ilifuata maji ya wenyeji. Mabenki yalileta chuma. Njia ilishaonyeshwa na watu wa kabla yao.

Wahamiaji nao walikuja, ila si wale waliotarajiwa zaidi. Waliojaa nchi ya kusini na mashariki ya Bismarck ni Wajerumani kutoka Urusi: wakulima ambao mababu zao walihamia kando ya Bahari Nyeusi kwa mwaliko wa watawala wa Urusi, wakaahidiwa kutoingizwa jeshini, na miaka ya 1870 ahadi hiyo ikafutwa. Wakafunga mizigo. Walijua kulima ngano kwenye nyika kavu kwa sababu walikuwa wameshaifanya kazi hiyo kwenye nyika nyingine. Wengi wao hawakuwahi kuiona Ujerumani ya Bismarck, na bado walikuja kuishi jirani na mji wenye jina lake, wakipika supu yao ya viazi na vipande vya unga inayoitwa knoephla, ambayo bado inauzwa kwenye migahawa ya mji huo.

Kuhusu kuwa mji mkuu, hadithi yake ni fupi lakini tamu. Dakota yote, kaskazini na kusini, ilikuwa eneo moja na makao yake yalikuwa Yankton, kusini kabisa. Mwaka 1883 iliundwa tume ya watu tisa kutafuta makao mapya. Sheria ilitaka tume ikae kikao chake cha kwanza Yankton, na watu wa Yankton walikuwa tayari kuwazuia. Wajumbe wakapanda treni, wakapita Yankton alfajiri, wakafanya kikao na kuchagua viongozi ndani ya behewa likiwa bado kwenye mipaka ya mji, wakaendelea na safari. Bismarck ikashinda miji mingine kwa kutoa dola 100,000 na ardhi. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 5 Septemba 1883. Villard alikuwepo, rais mstaafu Ulysses Grant alikuwepo, na aliletwa pia Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, ambaye miaka saba kabla watu wake walikuwa wamelishinda jeshi la Custer. Nimejaribu kumwelewa mzee yule, amesimama kwenye sherehe ya waliochukua nchi yake, na nimeshindwa kuendelea kusoma usiku ule.

Mwaka 1889 Dakota ikagawanywa kuwa majimbo mawili, na Bismarck ikabaki mji mkuu wa lile la kaskazini. Jengo la kwanza la bunge liliungua tarehe 28 Desemba 1930. Wakajenga jipya, wakati wa ukame na njaa ya kazi, wakalimaliza mwaka 1934: ghorofa 19, lisilo na kuba, tofauti na mabunge mengi ya Marekani, jeupe na refu kama kabati lililosimamishwa kwenye uwanja mtupu. Mpaka leo hakuna jengo refu kuliko hilo jimboni. Februari 2007 watu 8,962 walilala chali kwenye theluji ya viwanja vyake wakipunga mikono na miguu kuchora maumbo ya malaika, na wakaingia kwenye rekodi za dunia.

Walimu wenzangu hupenda kubishana kama Dodoma itaipita Dar es Salaam. Tangu TANU iamue mwaka 1973, na zaidi tangu serikali ihamie kweli kuanzia 2016, ubishi huu hauishi chumba cha walimu. Sasa huwa nawatajia Fargo. Fargo iko mashariki kabisa mwa Dakota Kaskazini, kwenye udongo mzuri wa bonde la mto Red, karibu na masoko, na mwaka 2020 ilikuwa na watu wapatao 126,000. Bismarck imekuwa makao makuu kwa miaka 140 na bado haijaifikia. Mimi sioni kwamba imepungukiwa. Ina ofisi zake, hospitali zinazohudumia nyika nzima, na mto.

Mto ndio ninaouonea wivu. Missouri unapita mlangoni mwao. Ulikuwa ukifurika vibaya, ndiyo maana kati ya 1947 na 1953 likajengwa bwawa la Garrison juu ya mji. Bwawa hilo lilizamisha mashamba ya bondeni ya Wamandan na jamaa zao wa Fort Berthold, yale ya udongo mweusi, watu wakahamishiwa juu kwenye nchi kavu yenye upepo. Wakazi wa Bismarck wakalala salama kwa gharama ya watu wale wale. Na mwaka 2011 mto ulijaa tena hata hivyo, nyumba za kingoni zikaingia maji.

Sisi hatuna Missouri. Dodoma inategemea zaidi visima vya Makutupora, maji ya chini ya ardhi, na watu wanaongezeka kila ukigeuka: Nkuhungu, Nzuguni, Ihumwa, kote mabati mapya. Mtaani kwangu maji yanatoka kwa zamu na tunajaza ndoo usiku. Limepangwa bwawa la Farkwa, kule Chemba, na kuna mipango ya kuvuta maji ya Ziwa Victoria. Kidato cha tatu nimewapa kazi ya kuchora ramani mbili kwenye ukurasa mmoja, Bismarck na Dodoma, waweke reli, waweke makao ya serikali, waweke maji yanakotoka, na kwenye Farkwa na Garrison waandike pia nani anaishi au aliishi kwenye lile bonde. Yule kijana wa atlasi ameshaanza. Ameniuliza kama kuna mahali anaweza kupata majina ya vijiji vyote vya bonde la Farkwa, na nimemwambia aanze kwa kumuuliza mama yake, maana kwao ni Chemba.